Vipimo kama Matini: Historia ya Ramani ya Taa za Jukwaani na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Tamthilia

Katika tamthilia yake fupi iitwayo Footfalls, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza katika Royal Court Theatre, London, mwaka 1976, Samuel Beckett hakuridhika kumweleza msomaji kwamba mwanamke mmoja anatembea gizani. Alitaja kipande cha sakafu anachotembea juu yake: urefu wake hatua 9, upana wake mita 1, nacho kimesogezwa kidogo kutoka katikati ya jukwaa kuelekea upande wa kulia wa hadhira. Kuhusu mwanga, alielekeza kwamba uwe hafifu, uwe na nguvu zaidi sakafuni, upungue mwilini, na uwe mdogo kabisa kichwani. Anayesoma maelekezo hayo kwa haraka atayachukua kuwa ni pambo la mwandishi apendaye usahihi. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: mwanga ulio mkali zaidi sakafuni kuliko kichwani unatoka wapi? Taa ikining'inizwa juu ya mwigizaji, kichwa chake ndicho kitakachopata mwanga kwanza. Ili agizo la Beckett litimizwe, sharti taa ziwekwe chini, pembeni, karibu na usawa wa sakafu, na miale yake ikatwe isipande. Sentensi ya mwandishi haitaji taa hata moja, lakini imekwisha kupanga mahali pa taa zote.

Baina ya sentensi kama hiyo na mwanga unaoonekana ukumbini kuna karatasi moja ambayo wahakiki wa tamthilia hawaitaji sana. Ni ramani ya taa: mchoro wa jukwaa na ukumbi kama unavyoonekana kutoka juu, uliochorwa kwa skeli, ukionyesha kila taa imening'inizwa wapi, ni ya aina gani, ina namba gani, inapata umeme kwa waya upi na iko umbali gani kutoka katikati ya jukwaa. Makala haya yanafuatilia jinsi karatasi hiyo ilivyozuka katika kumbi za Ulaya na Marekani. Yanadai kwamba vipimo vilivyomo ni sehemu ya matini ya tamthilia kwa maana kamili ya neno matini: vina mtunzi, vina kaida za usomaji, vinaweza kusomwa vibaya, na vikipotea, kuna maana inayopotea pamoja navyo. Dai hili huenda lisikubaliwe kwa urahisi. Katika mafunzo ya fasihi, mwanga umezoeleka kutajwa katika aya moja pamoja na maleba na vifaa vya jukwaani, kana kwamba ni jambo linaloongezwa baada ya tamthilia kukamilika.

Jina lenyewe la karatasi hii katika Kiingereza lina historia inayofaa kutajwa. Neno plot hapo awali lilihusu kipande cha ardhi na mchoro wake. Maana ya mpangilio wa matukio katika hadithi ilifuata. Katika sehemu ya mwisho ya karne ya 16, kumbi za London zilikuwa na karatasi zilizoitwa kwa jina hilo, zilizoorodhesha nani anaingia jukwaani na lini. Moja kati ya zile chache zilizosalia, inayohusu mchezo wa The Seven Deadly Sins, imehifadhiwa katika Dulwich College, nayo ina tundu linaloonyesha kwamba ilitundikwa mahali ambapo waigizaji wangeweza kuisoma. Katika karne ya 19 jina hilo hilo lilipewa orodha ya mtu wa gesi, iliyomwambia apandishe au ashushe mwanga wakati gani. Kiswahili nacho kimelipokea neno hili mara mbili. Mwanafunzi wa fasihi husema ploti akiwa na maana ya msuko wa visa, na mnunuzi wa kiwanja husema ploti akiwa na maana ya ardhi iliyopimwa na kuwekewa mawe ya mipaka. Ramani ya taa imebeba maana zote mbili. Ni ardhi iliyopimwa, na msuko hupita juu yake.

Haja ya kupima mahali pa mwanga haikuanza na umeme. Sebastiano Serlio, katika kitabu chake cha usanifu kilichotolewa Paris mwaka 1545, alieleza jinsi chupa za maji ya rangi zinavyowekwa mbele ya taa, na jinsi beseni lililosuguliwa likawekwa nyuma ya mwenge huongeza nguvu ya mwanga. Leone de' Sommi wa Mantua, aliyeandika mazungumzo yake kuhusu sanaa ya jukwaa katika miaka ya 1560, alipendekeza ukumbi uwe na mwanga mdogo kuliko jukwaa, na kwamba katika tanzia mwanga upunguzwe pale msiba wa kwanza unapotokea. Kwa Sommi mwanga tayari una kazi ya kifasihi: hadhira inajua kwa macho kabla ya kuambiwa kwa maneno. Naye Nicola Sabbatini, katika kitabu kilichochapishwa Ravenna mwaka 1638, alichora kifaa cha mikebe iliyofungwa kamba, iliyoteremshwa juu ya taa ili kuzifunika zote kwa pamoja. Katika kuzungumzia mandhari zilizochorwa, Sabbatini aliona kwamba mwanga utokao ubavuni ndio unaozipa vivuli vizuri, kuliko utokao mbele au nyuma.

Mtu anaweza kushangaa kwamba wajuzi hawa, waliopima majukwaa yao kwa uangalifu mkubwa kwa ajili ya mandhari za kudanganya macho, hawakuacha ramani za taa kwa maana inayojulikana leo. Sababu yake ni ya kifizikia. Mshumaa hauelekezwi. Humulika pande zote, na nguvu yake hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Ukisogezwa nusu hatua, tofauti huwa ndogo mno kiasi kwamba hakuna mtazamaji atakayeiona. Katika hali kama hiyo inatosha kusema mishumaa iko mingapi na iko safu ipi. Kipimo huwa na thamani pale tu ambapo kosa la kipimo linaonekana.

Gesi, iliyotumiwa katika Chestnut Street Theatre ya Philadelphia mwaka 1816 na katika Drury Lane na Lyceum za London mwaka 1817, haikubadilisha jambo hili. Ilichobadilisha ni mamlaka. Mtu mmoja aliyesimama kwenye meza ya valvu aliweza kufifisha jukwaa lote, na ndiyo maana karatasi yake ikawa orodha ya wakati badala ya mchoro wa mahali. Badiliko la mahali lilianza na mwanga wa chokaa, uliozalishwa kwa kuchoma kipande cha chokaa katika mwali wa gesi mbili na kutumiwa Covent Garden mwaka 1837. Huu ulikuwa na lenzi, uliweza kumfuata mwigizaji mmoja na kuwaacha wengine gizani. Lakini kila taa ya aina hii ilihitaji mtu wa kuishika. Ujuzi wa pembe na umbali ulikaa mkononi mwake, nao uliondoka naye. Henry Irving, aliyeiongoza Lyceum kuanzia mwaka 1878, alijulikana kwa mazoezi marefu ya mwanga, na msaidizi wake Bram Stoker, yule yule mtunzi wa Dracula, aliandika makala juu ya jambo hilo mwaka 1911. Ni makala yenye kuvutia, lakini yanasimulia juhudi na matokeo. Msomaji wa leo hawezi kuyatumia kuujenga upya mwanga wa Irving.

Savoy Theatre ya London iliangazwa kwa umeme mwaka 1881, kwa balbu zipatazo 1,200. Wengi huitaja tarehe hiyo kuwa mwanzo wa sanaa ya kisasa ya mwanga. Yafaa kutahadhari. Balbu za Savoy zilichukua mahali pa miali ya gesi, zikapangwa katika safu zile zile, chini mbele ya miguu ya waigizaji na juu nyuma ya vitambaa. Nishati ilikuwa mpya. Fikra zilikuwa za zamani. Aliyezibadilisha fikra ni Adolphe Appia, Mswisi aliyezaliwa Geneva mwaka 1862, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu muziki na uigizaji alitenganisha aina mbili za mwanga: ule unaoenea kila mahali ili watu waone, na ule unaochonga umbo kwa kuweka kivuli. Kwa Appia, mwigizaji ni mwili wenye pande tatu, na mandhari iliyochorwa kwenye kitambaa bapa humwaibisha. Mwaka 1900 Edward Gordon Craig, katika opera ya Dido and Aeneas huko London, aliziondoa taa za miguuni na kumulika kutoka juu. Mara mwanga ulipopewa kazi ya kuchonga, mahali pa taa pakawa kama mahali pa patasi. Anayechonga hawezi kusema tu kwamba patasi ilikuwa upande wa kushoto.

Hata hivyo Appia alikuwa mwananadharia, na michoro yake inaonyesha mwanga ulivyo baada ya kuwaka. Aliyeleta utaratibu wa kuufikia ni Stanley McCandless, msanifu majengo kwa mafunzo, aliyeanza kufundisha Yale mwaka 1925 na kuchapisha A Method of Lighting the Stage mwaka 1932. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Jukwaa hugawanywa katika maeneo, kwa kawaida 6, matatu mbele na matatu nyuma. Kila eneo humulikwa na taa mbili, moja kutoka kila upande, zikiwa nyuzi 45 kutoka mstari wa katikati na nyuzi 45 kwenda juu. Moja huwa ya rangi ya joto na nyingine ya rangi ya baridi, ili uso uwe na upande wa mwanga na upande wa kivuli bila kupotea. McCandless alilinganisha njia ya mwale huo na mstari unaotoka pembe moja ya mchemraba hadi pembe iliyo mkabala nayo. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Anayechukua mfano wa mchemraba kwa makini ataona kwamba mwale unaopita katika mstari huo haupandi nyuzi 45 kutoka sakafuni, bali nyuzi 35 na ushei, kwa sababu umbali wa mlalo umerefuka kwa kwenda mshazari. Maneno yanasema 45, jometri inasema 35, na uso wa mwigizaji katika hali hizi mbili hauko sawa: kivuli cha pua kinafupika, macho yanafunguka. Ni pengo la kawaida kati ya matini na tafsiri yake, ila hapa tafsiri inafanywa kwa rula.

Mwaka 1933 viwanda vya Marekani vilianza kuuza taa yenye kioo cha umbo la duaradufu nyuma ya balbu, iliyotupa mwale mkali wenye ukingo ulio wazi na uliokatwa kwa vibao vya chuma. Taa hii ilifungwa mahali pamoja, ikaelekezwa, ikakazwa, ikaachwa. Hakuna tena mtu wa kuishika. Basi ujuzi uliokuwa mkononi mwa mtu ilibidi uhamie mahali pengine, na mahali penyewe pakawa karatasini.

Jean Rosenthal, aliyezaliwa mwaka 1912 na kusoma Yale alipokuwa akifundisha McCandless, ndiye anayehusishwa zaidi na uhamisho huo. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi katika mradi wa serikali wa tamthilia pamoja na Orson Welles na John Houseman. Baadaye alimulika ngoma za Martha Graham kwa miongo kadhaa, na mwaka 1957 akamulika West Side Story. Kabla ya kizazi chake, mwanga ulikuwa kazi ya mchoraji wa mandhari au ya fundi mkuu wa umeme. Rosenthal na wenzake, akiwemo Abe Feder, waliitenga kazi hii ikawa na mwenyewe. Kwa kuwa mwenyewe huyo hakuwa ndiye apandaye ngazi, ilimlazimu awaambie wapandao ngazi anataka nini, na awaambie kwa namna isiyohitaji yeye awepo. Kwa mwanamke kijana katika jukwaa lililojaa mafundi wanaume, karatasi yenye vipimo kamili ilikuwa pia ni mamlaka. Amri ya mdomo hubishaniwa. Mita mbili na sentimita thelathini kutoka katikati hazibishaniwi. Kitabu chake, The Magic of Light, kilitoka mwaka 1972, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Ngoma ndiyo iliyoilazimisha ramani kuwa sahihi. Kundi la ngoma husafiri, likiwa na ngoma kadhaa katika usiku mmoja na ukumbi mpya kila wiki. Kwa ngoma, taa nyingi hufungwa kwenye nguzo zilizosimamishwa pembeni, kati ya mapazia ya mbavuni: moja usawa wa muundi, nyingine usawa wa kiuno, nyingine usawa wa kichwa. Taa ya usawa wa muundi hupita sakafuni bila kuacha alama na kumfanya mchezaji aonekane kama anaelea. Ikiinuliwa kidogo tu, mwale wake unagusa sakafu, na kuelea kunakwisha. Urefu wa nguzo haufai kukadiriwa.

Namna ramani inavyopima inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo sarufi yake. Kuna mistari miwili ya asili. Wa kwanza ni mstari wa katikati, unaoligawa jukwaa kutoka mbele hadi nyuma. Wa pili unapita nyuma ya ukuta wenye lango la jukwaa, kutoka kushoto hadi kulia. Mahali mistari hii inapokutana ni sifuri, na kila taa hutajwa kwa umbali wake kutoka mistari yote miwili. Kipimo cha tatu, yaani kimo cha bomba ambalo taa imefungwa, hakiwezi kuonekana katika mchoro wa kutoka juu. Huandikwa kwa tarakimu mwishoni mwa bomba, na huchorwa katika mchoro wa pili, mkato wa wima, unaoonyesha ukumbi kama uliopasuliwa ubavuni. Ramani bila mkato ni nusu ya sentensi.

Mfano wa hesabu utaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua bomba lililo mita 6.6 juu ya sakafu ya jukwaa, na mwigizaji wa kimo cha mita 1.6 aliyesimama mita 5 nyuma yake kwa mlalo. Taa iko mita 5 juu ya utosi wake na mita 5 mbele yake. Mwale unashuka kwa nyuzi 45, na kivuli chake sakafuni kina urefu wa mita 1.6, sawa na kimo chake. Sasa tamthilia imehamia ukumbi wenye dari fupi, na fundi amelishusha bomba hadi mita 5.1 bila kulisogeza. Pembe imekuwa nyuzi 35. Kivuli kimerefuka hadi mita 2.3 hivi. Kama ukuta wa nyuma uko mita 2 kutoka kwa mwigizaji, kivuli ambacho katika ukumbi wa kwanza kililala sakafuni sasa kimeanza kupanda ukutani, na hadhira inaona watu wawili pale ambapo mwandishi aliweka mmoja. Hakuna neno lililobadilishwa katika matini iliyochapishwa. Mhakiki atakayeandika kwamba mwelekezi ametumia kivuli kuashiria nafsi iliyogawanyika atakuwa amefasiri kosa la mita moja na nusu. Kwa upande mwingine, kama bomba liliteremshwa kwa makusudi, basi ufasiri huo ni halali, na ushahidi wake umo katika ramani na si mahali pengine.

Kaida nyingine zilijengeka kutokana na makosa ya kazini. Vipimo huhesabiwa vyote kutoka katikati, si kutoka taa moja hadi inayofuata, kwa sababu anayepima taa kwa taa hubeba kosa la kila hatua. Akikosea sentimita moja mara kumi na mbili kwa upande ule ule, taa ya mwisho itakuwa sentimita 12 kutoka mahali pake. Tarakimu iliyoandikwa huaminiwa kuliko urefu uliopimwa kwa rula juu ya mchoro, kwa vile karatasi hunyumbuka na nakala hupotosha. Nchini Marekani ramani nyingi huchorwa kwa nusu inchi kwa futi, yaani 1:24, ilhali wanaotumia mita huchora 1:25. Skeli hizi mbili hufanana mno machoni. Urefu wa mita 12 uliochorwa kwa ya kwanza huchukua sentimita 50 za karatasi, na anayeusoma kwa ya pili hupata mita 12.5. Taa za Marekani hupewa namba kuanzia kushoto kwa mwigizaji anayetazama hadhira kuelekea kulia kwake, na mabomba huhesabiwa kutoka mbele kwenda nyuma. Zinapowezekana nafasi, huachwa inchi 18 kati ya taa na taa, karibu sentimita 45, ili kila moja iweze kugeuzwa bila kuigonga jirani. Shirika la teknolojia ya tamthilia la nchi hiyo, USITT, lililoanzishwa mwaka 1960, lilikusanya kaida hizi katika mapendekezo ya alama na uchoraji. Toleo la 2006 linajulikana sana. Ni kama kamusi na tahajia sanifu, yenye faida na hasara ambazo wanaisimu wanazifahamu.

Kuja kwa kompyuta hakukuimaliza ramani kama wengine walivyotarajia. A Chorus Line, iliyomulikwa na Tharon Musser, iliingia Broadway mwaka 1975 ikiwa na mtambo uliokumbuka viwango vya mwanga. Mtambo huo uliirithi orodha ya mtu wa gesi, kwani ulijua wakati na kiasi. Kuhusu mahali haukujua chochote. Taa zinazojigeuza zenyewe, zilizotumiwa na bendi ya Genesis huko Barcelona mwaka 1981, zilihamisha pia mwelekeo wa mwale kutoka mkono wa fundi hadi kumbukumbu ya mashine. Lakini mashine inayojua pembe hutegemea kujua taa iko wapi. Ikifungwa sentimita 30 kando, kila pembe iliyohifadhiwa hulenga mahali pasipo.

Inafaa sasa kurudi kwa Beckett, kwa sababu ndiye mwandishi aliyefika karibu zaidi na kuifanya ramani kuwa fasihi. Katika Play, iliyoigizwa kwanza kwa Kijerumani mjini Ulm mwaka 1963, vichwa vitatu vinachomoza katika mitungi, na kila kimoja hunena pale tu mwanga unapokiangukia. Beckett aliagiza chanzo cha mwanga kiwe kimoja, kiwe ndani ya eneo wanamokaa wahanga wake, na akataja mahali panapofaa zaidi: katikati ya safu ya taa za miguuni, ili nyuso zimulikwe kwa karibu na kutoka chini. Aliona pia kwamba kuweka taa tatu zisizohama, moja kwa kila uso, hakuridhishi, kwa kuwa huondoa hisia ya mhoji mmoja. Wahakiki wengi wameujadili mwanga wa Play kama mhusika wa nne. Wachache wameuliza mhusika huyo anakaa wapi. Akining'inizwa juu ya hadhira, mbali, anakuwa mungu au dola. Akiwa miguuni pa wahanga, ndani ya jukwaa, anakuwa mmoja wao, mtesaji anayeteseka. Fasili mbili zinazopingana zinatenganishwa na mita chache, na Beckett alichagua mojawapo kwa kutaja nafasi ya taa. Bertolt Brecht, aliyetaka vyanzo vya mwanga vionekane ili hadhira isisahau kwamba iko ukumbini, alikuwa ameonyesha mapema kwamba kuficha au kuonyesha taa ni uamuzi wa kiitikadi. Ni ajabu kidogo kwamba wanaomtaja Brecht kila wanapomjadili Ebrahim Hussein hawagusii sana sehemu hii ya nadharia yake.

Kutogusiwa huku kuna sababu ya kimaktaba. Matini huchapishwa, ramani hukunjwa, hulowa jasho la mafundi, hutupwa onyesho linapokwisha. Makaratasi ya Rosenthal yamehifadhiwa Wisconsin, na hiyo ni bahati isiyo ya kawaida hata nchini mwake.

Hapa Kenya suala hili lina sura yake. Mwaka 1977, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga jukwaa lisilo na paa kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, kwamba vijana walipanga kwanza njiti za kiberiti ardhini, kisha wakaunda kielelezo kidogo, na kutokana nacho wakajenga jukwaa lenye viti vya watu zaidi ya 2,000. Ilikuwa ramani kwa kila maana: ilikuwa na skeli, ilikuwa na watunzi, na ilisomwa na wajenzi ambao hawakuhitaji alama za shirika lolote. Leseni ya mchezo ilifutwa Novemba 1977, na jukwaa likabomolewa na polisi Machi 1982. Tamthilia yenyewe ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 na kwa Kiingereza mwaka 1982, na tangu hapo imehakikiwa mara nyingi, takriban kila mara kwa kuangalia maneno yake. Katika jukwaa lisilo na paa, jua ndilo taa kuu, na mahali pake hupangwa kwa kuamua jukwaa litazame wapi na saa ngapi mchezo uanze. Uso wa mwigizaji ulikuwa mwangani au kivulini kulingana na uamuzi huo, na nyuso za watazamaji pia, jambo lenye maana kubwa katika mchezo ambao hadhira yake iliimba pamoja na waigizaji. Upande uliotazamwa na jukwaa, na umbali kutoka ukingo wake hadi safu ya kwanza ya viti, ni mambo ambayo wale walioshiriki, na ambao wangali hai, wanaweza kuulizwa. Futi kamba moja na dira vingetosha kuanza kazi hiyo.